Friederike Thode na Picha ya Elsabe

Friederike Thode, tunayemzika leo, alizaliwa hapa Altona tarehe 9 Machi 1804, binti wa pili wa mfanyabiashara wa nafaka Jürgen Lorenzen na mkewe Wiebke. Dada yake Elsabe alimtangulia kuzaliwa kwa mwaka mmoja. Mimi Detlef, ninayesoma wasifu huu, ndiye kitinda mimba.

Mei 1811 homa ilimchukua Elsabe kabla hajachorwa. Mchoraji akaitwa na, kama ilivyo desturi, ndugu aliye hai akakaa mahali pa marehemu. Friederike alivishwa gauni la dada yake, akapewa waridi alielekeze chini, ishara kwamba mtoto hayupo tena. Alikaa siku kumi na moja.

"Tazama juu, mwanangu, kama malaika," mchoraji alimsihi.

"Kwani malaika hawali? Mimi nina njaa!"

Picha ilipotundikwa, wageni walitokwa na machozi. Friederike akasema, "Huyo mimi!" Mama akamkatiza: "Nyamaza we! Huyo dada yako. Wewe tunakuona kila siku." Yeye hakuchorwa kamwe. Lilimuuma, wala hakulificha.

Alimaliza shule mwaka 1818, akafundisha watoto kusoma kwa miaka ishirini na sita. Mpole hakuwa. Mtoto akinuna, alimwacha anune. "Uso ni wake," alisema. Tarehe 3 Oktoba 1829 aliolewa na Nikolaus Thode, fundi saa, wakajaliwa binti mmoja, Margarethe.

Kifua kilianza kumsumbua Novemba iliyopita. Wiki mbili kabla ya kufariki aliniambia, "Mdogo wangu, mtanikumbuka kwa sura gani? Ile picha ni mimi." Nikamjibu, "Dada, achana nayo. Ile ni ya Elsabe, sote tunajua." Akageukia ukutani. Alifariki asubuhi ya tarehe 21 Februari 1862.

Juzi niliishusha picha niipanguse vumbi. Kwenye mkono ulioshika waridi kuna mikwaruzo mitatu myekundu. Elsabe aliogopa paka, hakuwahi kumgusa hata mmoja. Aliyeparurwa ni Friederike, siku ya nne ya kukaa kwake, na najua kwa sababu aliyemrushia paka ni mimi. Nilikuwa na miaka mitano. Mchoraji alichora alichokiona.

Ameacha mume, binti na mdogo wake mmoja mbishi. Picha ipo hapo, kando ya jeneza. Kibao chenye jina la Elsabe nimekibandua. Dada, nisamehe. Pumzika kwa amani, na sura yako unayo.