Faili Isiyo na Mkia

Keji alikuwa anatwanga kahawa pamoja na tangawizi, mkono mmoja kwenye mchi, mwingine ukifukuza nzi kwenye sukari, lori la Kamisi liliposimama ng'ambo ya barabara bila kuzima injini.

— Mama Scovia! Iko kitu yako hapa!

Kitu chenyewe kilikuwa flashi ndogo, imefungwa kwenye kipande cha kitenge.

— Nani ametuma?

— Mimi nitajua wapi? Fundi wa simu pale Kaya, mpakani, alinipa Alhamisi. Alisema, peleka kwa Keji wa kahawa, Arua. Nililala Koboko siku mbili, springi ilikatika. Haya, Vurra inaningoja.

Akaondoka na vumbi lake.

Kijiwe cha Keji ni benchi moja, ubao uliotolewa kwenye ubavu wa lori bovu, kwenye kona ya barabara ya Vurra. Pana nafasi ya makalio manne. Matatu yana wenyewe. Wa kwanza ni Okuonzi, fundi simu, wanamwita Profesa, ana kimeza chake hapo hapo na kompyuta ya mapajani iliyofungwa raba isifumuke. Wa pili ni Gauthier, Mkongo muuza vitenge, wanamwita Dhahabu, maana kwake kila jambo huishia kwenye dhahabu. Wa tatu ni mzee Adriko, aliyebeba magunia forodhani Vurra miaka ishirini na miwili. Yeye ni Kastamu. Watatu hao humwita Keji Mama Scovia, ingawa hakuna aliyewahi kumwona huyo Scovia.

Ni mtoto wake wa kwanza. Miaka sita iliyopita, walipokimbia vita kutoka upande wa Yei, ng'ambo ya mpaka, alikuwa na homa, hawezi kutembea. Bibi yake akasema atabaki naye wiki moja tu. Mwezi wa tatu mwaka huu mnara wa simu kule kijijini ulizimika, na tangu hapo kimya. Keji aliigeuza flashi mkononi. Mara ya mwisho kitu kumfikia kikiwa kimefungwa kitambaani kilikuwa kitambulisho cha mume wake, baada ya mume mwenyewe kuzikwa.

— Profesa, fungua hii, alisema, akarudi kutwanga. Kahawa haikujua kuna habari.

Okuonzi alichomeka. Ndani mlikuwa na faili moja tu, imeandikwa KEJI, basi. Hakuna nukta, hakuna herufi tatu za mwisho. Alama yake karatasi nyeupe tupu. Alibonyeza, kompyuta ikamuuliza anataka kuifungua kwa programu gani.

— Inaniuliza mimi! Okuonzi alisema. Hii faili haina mkia. Mkia ndiyo inaambia kompyuta, huyu ni picha, huyu ni barua. Lakini hakuna shida. Tutaipa.

— Mpe picha, mzee Adriko alisema. Watu wanatumaga picha.

Okuonzi akaongeza mkia wa picha. Kompyuta ikasema picha hiyo haifunguki.

— Iko virusi, Okuonzi alisema, akajisogeza nyuma kidogo. Hapana gusa. Inaweza kuingia kwa simu za wateja.

— Profesa, wewe unaogopa hata kahawa ya moto, Gauthier alisema. Mutu hawezi tuma flashi toka Kaya bure. Mpe mkia ya barua.

Mkia wa barua ulifungua kitu. Kioo kilijaa vimraba, alama za kuuliza, herufi zimegeuzwa miguu juu. Gauthier aliruka kutoka kwenye benchi.

— Si nilisema! Iko kodi ya siri! Hivi vimraba ni mashimo. Hii ni ramani ya dhahabu, mama, na wametaja jina yako.

— Mashimo mengi hivyo? mzee Adriko aliuliza.

— Dhahabu mingi!

— Angalia juu kabisa, mzee alisema, akiweka miwani yake ya kamba. Peke yake inasomeka. A, M, R. Huo ni mwanzo wa jina la mkubwa wa jeshi. Hii barua imetoka jeshini, wameifunga watu wasisome.

Mchi ulisimama. Hakuna aliyetazama upande wa Keji isipokuwa mzee Adriko mwenyewe, na alionekana angependa kuyameza maneno yake.

— Au si jeshi, alisema. Kuna makanisa pia yanaandika hivyo.

— Jaribu wimbo, Keji alisema.

Okuonzi akaipa mkia wa nyimbo. Kompyuta ikakataa. Akaipa wa sinema. Ikakataa. Kufikia saa nne faili hiyo ilikuwa imebatizwa mara saba, na kila mwanabenchi alikuwa anatetea ubatizo wake. Gauthier alitaka ipelekwe Bunia kwa mtaalamu wa madini. Okuonzi alikuwa amehama kabisa kutoka virusi. Sasa ilikuwa setilaiti, imeangusha data kwenye simu ya mtu bila kujua.

— Na setilaiti inanijua mimi jina? Keji aliuliza, akimimina.

— Mama Scovia, setilaiti inajua hata ile nyanya uko nayo ndani ya kikapu.

Hapo ndipo Annie alipofika, binti kutoka Ombaci aliyeanza kazi wiki ile kwenye duka la fotokopi. Alikuja kununua vikombe viwili vya kupeleka dukani. Alisimama akisubiri, akasikiliza setilaiti, akasikiliza dhahabu, akachungulia kioo.

— Samahani, wazee wangu, alisema. Mmeipa majina saba. Lakini kuna mtu ameiuliza faili yenyewe ni nini?

Gauthier alitazama ndani ya kikombe chake.

— Faili inaulizwa? mzee Adriko aliuliza.

— Iko programu ndogo kwa hiyo kazi. Duka letu linaletewa mafaili ya kila namna, mengine hayana mkia, mengine yamepewa mkia wa uongo. Programu haitazami jina. Inaingia ndani, inasoma mwanzo wake, inalinganisha na orodha ya aina elfu na elfu inazozijua. Halafu inasema, inafanana na hii, asilimia kadhaa.

Mzee Adriko alijipiga paja.

— Ile chuma ya Vurra!

— Chuma gani tena, Kastamu? Gauthier alisema.

— Gunia linakuja limeandikwa mchele. Yule ofisa wetu hakuwa anasoma. Alikuwa na chuma nyembamba, iko na tundu katikati. Anadunga gunia, anachomoa, punje zinamwagika kwa mkono wake. Ananusa. Anasema, hii kahawa, rudisha. Miaka ishirini na mbili sikuona amekosea. Dunga, binti yangu!

Annie alitoa flashi yake kwenye mfuko wa sketi. Keji aliweka birika chini, kitu asichofanya wakati wateja wapo. Maandishi yalipita haraka, kisha yakasimama.

— Asilimia mia, Annie alisema. Ni sauti. Simu ndogo za vitufe zinarekodi hivi. Na hizo A, M, R, mzee, si mtu. Ndiyo alama yake.

— Mimi nilisema ni wimbo, Okuonzi alisema.

— Mama ndiye alisema! Wewe ulisema setilaiti! Gauthier alisema.

Annie akaipa faili mkia wake wa kweli, akapakia programu ya kucheza sauti za aina hiyo. Kwanza walisikia upepo. Kisha jogoo. Kisha kikohozi ambacho Keji alikijua kabla hakijaisha, akashika ukingo wa kimeza.

Mama yake alizungumza Kikakwa, kwa sauti ya mtu anayemwita jirani ng'ambo ya mto. Keji aliwatafsiria wengine sentensi kwa sentensi, bila kupamba.

— Anauliza kama kitu kimeanza. Fundi anamwambia kimeanza. Anasema wametembea mpaka Kaya. Anasema simu yake imemeza namba yangu. Anasema Jumamosi watavuka, watakaa Koboko kwenye stendi ya teksi, upande wa kivuli. Anasema wako wawili na jogoo.

Sauti nyingine ikaingia, nyembamba, haraka, ikakatika.

— Na huyo? Gauthier aliuliza.

— Anasema amekuwa mrefu, nisije nikampita.

Okuonzi alitazama simu yake.

— Mama Scovia. Leo ni Jumamosi.

Hakuna aliyetoa hoja tena. Mzee Adriko alikwenda stendi kumshikia kiti, akitembea kama mtu aliyesahau umri wake. Gauthier akashika birika. Keji alivua aproni, akamwonyesha tangawizi iko wapi, akamwambia maharage ya nyumbani yamekwisha kuchaguliwa, mwanawe Poni anajua kuyabandika, na asithubutu kuongeza maji kwenye kahawa.

Koboko alifika saa nane. Hakumpita. Alisimama mbele ya msichana mrefu kuliko yeye, mwenye jogoo kwapani, na neno la kwanza lililomtoka lilikuwa:

— Umekula?

Jua lilikuwa linatua walipoingia uani Arua. Wanabenchi wote walikuwa wameshakaa kwenye mkeka, eti wamerudisha birika. Lilikuwa tupu, kahawa ilikwisha saa saba, na Gauthier alikuwa bado anajitetea.

— Kumbe Scovia ni mtu kweli, Okuonzi alisema. Mimi nilidhani ni jina la kahawa.

Kila jioni Keji huhesabu watoto wake kabla ya kupakua: Natale, Poni, halafu husimama kidogo na mwiko hewani, halafu hupakua. Leo hakusimama. Natale. Poni. Mama, ambaye alikuwa amemfunga jogoo kwenye mguu wa kiti na kutangaza kwamba haliwi. Scovia. Halafu, kwa kuwa walikuwepo, Kastamu, Profesa na Dhahabu, na Annie aliyeitwa kwa nguvu.

— Na sahani yangu? Gauthier aliuliza.

— Wewe kula kwenye kifuniko, Keji alisema, akaanza kupakua ugali wa mhogo. Wote wapo. Nawa mikono.