Namba ya Ignace Haigawanyiki

Kijiwe chetu cha Bertrams ni benchi moja la kanisa lililostaafu ibada, limeegemea ukuta wa kiduka cha spaza, na birika la kahawa mbele yake. Jumamosi hiyo ya mwaka 2018 Ignace, Mkongo wa Lubumbashi, mlinzi wa geti kule Midrand, aliketi kifua mbele kama jogoo aliyeshinda uchaguzi. Binti yake Arlène, yule yule aliyemwomba mwaka jana awe anamsubiri ng'ambo ya robot, taa za magari, ili wenzake wasione sare yake, Jumatatu angesimama mbele ya wazazi wa shule nzima kuieleza namba iliyoshonwa kwenye sare hiyo: 104729. Binti alidai ni namba tasa, haigawanyiki ila kwa moja na kwa yenyewe. Tangu asubuhi Mwaniki wa benki, aitwaye kijiweni Kikokotoo, alikuwa akiitafutia kigawo kwa kalamu. Simu zilipigwa marufuku. Ignace alicheka, lakini macho hayakuiacha kalamu. Namba ikigawanyika, mtoto anaumbuka, na baba anarudi ng'ambo ya robot.

— Kumi na tatu, imebaki moja, — alisema Mwaniki.

— Kumi na tisa je? — aliuliza Pandu, Mtanzania, mlinzi mwenzake Ignace.

— Imebaki moja tena.

— Basi hiyo moja ndiyo Ignace. Wakongo wagawe utakavyo, lazima mmoja abaki kupiga kelele.

— Wacha wewe, — alisema Mwaniki. — Namba yako ya sare ni 104728. Inaingia mbili, nne, nane, kumi na tatu, kumi na tisa. Wewe ni keki ya harusi.

— Huo ni ukarimu, bwana. Mkono mtupu haulambwi.

— Eish, Pandu, — alisema Ignace. — Siku ya kuandikwa kazi ulinipita kwenye foleni. Ona sasa kile ulipata.

— Kidole kimoja hakivunji chawa. Tuigawe sote.

Mwaniki aliweka kalamu chini.

— Nimevuka mia tatu ishirini na tatu. Kigawo cha juu ya hapo kingetaka mwenzake wa chini, na wa chini wote wamekataa. Msichana ako sawa.

— Mutoto yangu, — alisema Ignace polepole, ili asikike mpaka uwanja wa Ellis Park. — Na anasema ukipanga namba tasa zote tangu mbili, hii ni ya elfu kumi. Ya elfu kumi juste.

— Wakoloni wangeikuta namba hii juu ya ramani, — alisema Pandu, — Afrika isingegawanyika.

Hapo akatokea Léocadie, mshonaji wa mtaa wa juu, na suti ya kijivu kwenye hanga.

— Suti yako ya Jumatatu, papa Arlène. Nimepunguza mabega.

— Merci, maman. Sitaki mutoto aone haya.

Wakamhadithia habari yote ya namba, wote watatu kwa pamoja. Léocadie akaigeuza suti, mbele, nyuma.

— Sasa kwa hii, namba wataionea wapi?

Mwaniki alimtazama Pandu. Pandu akajijazia kikombe.

Ignace alimaliza funda lake, akainuka.

— Unichungie hiyo mpaka siku ya kanisa, — alisema. — Sare yangu kifungo kimoja kilikatika. Uko na uzi ya bluu?