Shupaza Mbili za Grancea

Benchi lenyewe lilikuwa la kanisa, likatupwa, likaokotwa. Sasa limeegemea ukuta wa karakana ya Nyundo, kando ya barabara ya kwenda mji wa Sibiu, Romania, na lori likipita vikombe vinacheza. Hapo ndipo Warom wafua shaba wa kijiji hiki wanapotatua kila jambo la dunia, isipokuwa mambo yao wenyewe. Nyundo ni fundi wa mitungi ya shaba ya kupikia gongo la plamu, na sauti yake hushindana na kazi yake. Mbunge hajawahi kugombea hata ukiranja, ila ana suti na ana methali, na vyote viwili havimkai sawa. Bibi Saveta, mjane, ndiye mwenye birika la kahawa, na ndiye anayeamua nani amezidi. Wa nne ni Istrate, ambaye kiangazi huzunguka na gari kuuza mitungi hiyo vijijini, na Jumapili jioni hucheza poka katika ukumbi wa nyuma wa baa moja mjini. Hajawahi kuishi kwa karata wala hataki. Anazipenda tu, kama wengine wanavyopenda kuvua samaki.

Asubuhi hiyo Istrate alifika amenyoa ndevu, kavaa kofia yake pana ya sikukuu. Kahawa hakuigusa.

NYUNDO: Duh! Umenyoa mpaka unang'aa. Ni harusi au ni msiba?

ISTRATE: Sijui bado.

MBUNGE: Kwani Grancea anakuja leo?

ISTRATE: Anakuja. Na chupa.

Chupa hiyo hakuna asiyeijua. Baba wa mvulana huifunga kitambaa chekundu, akaivisha mkufu wa dhahabu shingoni, akaipeleka kwa baba wa msichana. Baba wa msichana akinywa, ameshatoa binti. Luludia, binti wa Istrate, ana miaka ishirini na mitatu, anafanya kazi kwenye duka la mikate, na Danciu, mwana wa Grancea, alimchagua mwenyewe kwa macho yake na moyo wake. Wawili hao walikwisha kukubaliana zamani. Lakini mke wa Danciu atahamia nyumbani kwa Grancea, atapika jikoni kwa Grancea, na neno la Grancea ndilo litakalokuwa sheria juu ya kichwa chake. Na neno la Grancea, kwa wiki mbili sasa, lilikuwa limemkwama Istrate kooni.

NYUNDO: Bado unawaza zile karata tu?

ISTRATE: Nawaza kiapo.

MBUNGE: Hebu tusimulie tena. Mimi juzi nilikuwa nimesinzia.

BIBI SAVETA: Wewe husinzii, wewe hungoji zamu ya kusema. Msimulie, mwanangu, labda leo ataelewa.

ISTRATE: Tulianza watu wengi. Tukabaki wawili, mimi na Grancea. Anayeshinda anapata tiketi ya kwenda kucheza Bukareshti. Mnajua mimi na Bukareshti.

NYUNDO: Tunajua. Kila mwaka unakwenda, kila mwaka uko hapa.

ISTRATE: Basi mwaka huu nilikuwa nishafika. Mkononi nina wafalme wawili, na kati ya karata tano zilizofunuliwa mezani mmoja ni mfalme. Wafalme watatu! Ila kati ya hizo tano, tatu ni shupaza. Mwenye shupaza mbili mkononi ananila. Grancea akasukuma sarafu zake zote za plastiki katikati. Mimi nikaanza kufikiri.

MBUNGE: Ukakosea hapo hapo.

ISTRATE: Nafikiri, na magajo, hao wasio Warom, wamesimama nyuma ya viti, wanatutazama Warom wawili kama watu wanaotazama jogoo wakipigana. Ndipo Grancea akaniinamia akasema kwa lugha yetu, kisha akarudia kwa Kiromania ili wote wasikie: "Naapa kwa mama yangu aliye udongoni, ninazo shupaza mbili."

NYUNDO: Nawe ukazitupa.

ISTRATE: Nikazitupa. Naye za kwake akazisukuma chini kwa chini, hazikuonwa na mtu. Nikabaki na vichele, mkono uliofuata nikaliwa.

Lori la magogo likapita, Bibi Saveta akavishika vikombe vyake.

NYUNDO: Mimi neno langu ni moja. Alikuwa nazo. Mrom hawezi kumwapia marehemu uongo. Ulimi ungemvimba.

MBUNGE: Ulimi wa Grancea ulivimba siku nyingi, ndiyo maana haukai mdomoni. Sikilizeni, wahenga walisema mkono mtupu haulambwi.

BIBI SAVETA: Hiyo ni ya mtu asiyetoa kitu, Mbunge. Inaingiaje kwenye poka?

MBUNGE: Inaingia! Grancea alikuwa mkono mtupu, na bado Istrate kaulamba. Kapigwa changa la macho mchana kweupe.

ISTRATE: Ungekuwepo ungefanya nini?

MBUNGE: Ningemtazama usoni. Si wewe unayejisifu unasoma watu?

Hilo lilimchoma, kwa sababu lilikuwa kweli. Istrate alizaliwa ndani ya gari la farasi, na kabla hajajua kusoma herufi alijua kusoma madirisha. Baba yake alimtuma mbele, agonge mlango, amtazame mwenye nyumba. Pazia likitikisika mara moja, kuna mtu na ananunua. Likitikisika mara mbili, kuna mtu na ana mbwa. Poka alijifunza ukubwani, lakini alipokaa mezani mara ya kwanza aliona ni milango ile ile, ila imevaa fulana na miwani.

NYUNDO: Na hao magajo hawakusema kitu?

ISTRATE: Walicheka. Mmoja akasema, "Hao wamepangana." Miaka yote hii nacheza pale, kabla sijakaa nakunja mikono ya shati mpaka kwenye kiwiko. Hakuna aliyeniambia nikunje. Nakunja mwenyewe, ili wasianze kunitazama viganja. Na bado wamepangana!

BIBI SAVETA: Kunywa kahawa, mwanangu. Inapoa.

Wakati huo huo alifika mama mmoja wa makamo, amevaa koti la kiume, amebeba sufuria ya shaba ya kupikia jamu, mpini umelegea. Alisema anaitwa Ghizela, katoka upande wa Cluj, na ameambiwa hapa kuna fundi. Nyundo alipokea sufuria bila kuinuka, akaiweka magotini na kuanza kuugonga mpini polepole. Mama akapewa nafasi mwisho wa benchi, na kikombe.

MBUNGE: Karibu, mama. Tunazungumzia kiapo: huyu Istrate aliapiwa kwenye poka, akatupa wafalme watatu. Sasa mimi nimepata jibu. Mama mzazi wa Grancea si alikufa yeye akiwa mdogo, akalelewa na mama wa kambo?

BIBI SAVETA: Ndiyo.

MBUNGE: Haya basi! Asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu. Maana yake kile kiapo hakikwenda kwa mama, kilikwenda kwa ulimwengu. Na ulimwengu haudai mtu kiapo.

BIBI SAVETA: Mungu wangu, huyu mtu.

NYUNDO: Mimi nilisikia jambo jingine. Nilisikia mama yake hata hakufa. Yuko Hispania, anachuma stroberi.

BIBI SAVETA: Nyundo! Yule maiti nilimvika nguo mimi mwenyewe, nikiwa bibi harusi mpya. Kitambaa cha kichwa kilikuwa cha kijani.

NYUNDO: Nimesema nilisikia, sikusema nimeona.

MBUNGE: Tuachane na mama. Tatizo ni yule mwenye baa. Mnadhani ni bahati tu Warom wawili kubaki mwisho? Zile karata zilipangwa! Wanajua wakitugombanisha kwa kiapo, ndoa itavunjika, ndoa ikivunjika koo mbili zitagombana, koo zikigombana hatupigi kura pamoja.

NYUNDO: Tulipiga kura pamoja lini?

MBUNGE: Ndiyo maana nakwambia wanafanikiwa.

Hata Istrate alicheka, kwa mara ya kwanza siku hiyo. Mbunge akaona mlango umefunguka, akaingia na miguu yote.

MBUNGE: Au nikwambie siri? Grancea alikupima. Alijua anakuja kuposa. Akataka kuona baba wa msichana ni mtu wa aina gani: anaheshimu marehemu, au anaheshimu tiketi? Wewe ukazitupa. Umefaulu, kaka! Shupaza zilikuwepo au hazikuwepo, hiyo si hoja tena.

Istrate aliishika nadharia hiyo akaigeuzageuza. Ilikuwa tamu. Angeweza kuibeba mpaka mchana, akanywa ile chupa kwa raha, akamwoza binti yake kwa raha. Alikuwa karibu kabisa kuikubali.

GHIZELA: Samahani, mie mgeni. Naomba kuuliza.

NYUNDO: Uliza, mama, hapa hakuna kodi.

GHIZELA: Ulipozitupa zile karata zako, ulikuwa umemwamini?

Nyundo akaacha kugonga. Kwa wiki mbili watu walikuwa wakimuuliza Istrate ni karata gani Grancea alishika mkononi, naye alikuwa akijiuliza hilo hilo. Akarudi mezani kwa mawazo. Akawaona magajo wamekunja mikono kifuani, mmoja ana tabasamu, wanangoja. Na akakumbuka jambo ambalo hakuwa amelisema hata kwa mkewe: usoni kwa Grancea hakutazama kabisa. Alitazama meza, akaogopa. Kama angelipia kuziona karata za Grancea, naye Grancea akafunua takataka, basi wale watu wote wangerudi makwao wakijua kwamba Mrom anamuuza mama yake aliyekufa kwa tiketi ya Bukareshti. Wangesimulia mpaka wajukuu. Afadhali wafalme wake watatu wapotee. Alikilinda kile kiapo kama mtu anayefunga mlango haraka mgeni asione ndani, na tangu siku hiyo alimkasirikia Grancea kwa kumtwisha mzigo huo.

ISTRATE: Sijui, mama.

Bibi Saveta akaliinua birika na kuliinamisha juu ya kikombe cha mgeni, lakini kilichotoka kilikuwa machicha tu.

Grancea alikuja kwa miguu, peke yake, mtu mnene mwenye masharubu yaliyochanwa vizuri. Mkewe na Danciu walibaki kwenye gari, mbali kidogo barabarani. Aliikumbatia chupa kwa mikono miwili, kitambaa chekundu, mkufu unametameta. Aliwaamkia wote, akamvulia kofia Bibi Saveta, kisha akasimama mbele ya Istrate.

GRANCEA: Ndugu yangu Istrate. Nilitaka kuja nyumbani kwako, nikaambiwa uko hapa. Na hapa ni vizuri, wapo mashahidi. Luludia akiingia kwangu atakuwa binti yangu. Hatalala njaa. Hatainuliwa mkono na mtu. Akitaka kuendelea na kazi yake dukani, ataendelea. Naapa kwa mama yangu aliye...

Istrate aliinuka, mkono wake ukamfikia Grancea karibu na mdomo, ukasimama hapo.

ISTRATE: Usiape.

GRANCEA: Nini?

ISTRATE: Usiape. Sema tu.

Grancea alimtazama Nyundo, akamtazama Mbunge, akamtazama mama asiyemjua mwenye koti la kiume. Hakuna aliyemsaidia. Akaishusha ile chupa mpaka tumboni.

GRANCEA: Sikuwa na kitu.

NYUNDO: Unasemaje?

GRANCEA: Siku ile. Nilikuwa na mbili na saba, zote nyekundu. Shupaza hata moja sikuwa nayo. Mdomo ulitangulia, na nilipotaka kuurudisha nikaona ameshatupa. Tangu siku hiyo sijakanyaga kaburini kwa mama. Mke wangu ananiuliza, namwambia mguu unauma.

Bibi Saveta alipiga ishara ya msalaba, akaziba uso kwa viganja. Kwa sheria yao, mtu aliyeungama jambo kama hilo mbele za watu anaweza kutengwa, akanyimwa kikombe katika kila nyumba kutoka hapo mpaka mpakani. Grancea aliijua sheria hiyo kuliko wote. Wajomba zake walikuwa waamuzi. Alisimama tu, jasho linamtiririka shingoni, macho kwenye viatu vya Istrate.

Istrate alikasirika, na wafalme wake watatu wakampita mbele ya macho mmoja mmoja. Lakini alijua pia kwamba hakuna aliyemlazimisha mtu huyu kusema. Angemaliza kiapo chake, chupa ingenywewa, na siri ingezikwa naye. Safari hii Istrate alimtazama Grancea usoni, taratibu, akitafuta kama kuna kitu kingine nyuma yake. Aliona mtu aliyechoka.

ISTRATE: Kesho asubuhi tutakwenda. Mimi na wewe.

GRANCEA: Wapi?

ISTRATE: Kwa mama yako. Utamwambia mwenyewe. Mimi nitasimama karibu.

Akaitoa chupa mikononi mwa Grancea, akakifungua kile kitambaa chekundu, akanywa funda moja la haja, akajifuta mdomo. Kule kwenye gari mke wa Grancea akapiga kigelegele. Nyundo naye, machozi yanamlengalenga, akanyoosha mkono apokee zamu yake. Istrate akaizuia chupa kifuani, akaishindilia kizibo kwa kiganja.

ISTRATE: Hapana. Iliyobaki ni ya marehemu.