Geti la Bluu la Fundi Odera

Wapendwa waombolezaji, ndugu wa Nyamwanda mliovuka mpaka wa Busia kuja hapa, na majirani wa Kasubi na Katwe: haya ni maisha ya Silvano Odera Agutu, yameandikwa na dada yake Ayoo. Kuna waliopiga simu kuomba yafupishwe, hasa pale mwishoni. Yatasomwa yote.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Aprili 1961 kijijini Nyamwanda, magharibi mwa Kenya, mtoto wa marehemu Mzee Agutu wa reli na marehemu Mama Perpetua. Alizaliwa jikoni kwa mama yake, kwa sababu hospitali ilikuwa mbali. Mdogo wake aliyemfuata alishikwa na homa, akafia njiani akipelekwa hospitali hiyo hiyo, mgongoni mwa mama. Odera alikuwa na umri wa kukumbuka. Tangu utotoni akiulizwa mdogo wake aliuawa na nini, hakusema homa, alisema umbali.

Alisoma shule ya msingi ya misheni hadi darasa la saba, akamaliza mwaka 1975. Siku moja mwalimu aliwaambia waandike insha juu ya serikali. Wenzake walijaza kurasa. Odera aliandika sentensi moja tu: "Serikali iko Nairobi." Alichapwa, kisha mwalimu akaipeleka ile insha ofisini, walimu wote wakacheka hadi kengele ya kurudi nyumbani. Baadaye alijifunza kuchomelea vyuma katika chuo cha ufundi.

Mwaka 1987 alikuja Kampala, mji ambao baba yetu aliutumikia relini, akapata nafasi Katwe katika karakana ya Dawudi. Wawili hao walifanya kazi pamoja mpaka mwisho. Vitanda vya bweni, nondo za madirisha, mageti. Nusu ya mageti ya Kasubi yamepita mikononi mwao. Tarehe 8 Desemba 1990 marehemu alifunga ndoa na Adero, wakajaliwa watoto wawili. Adero alizoea kuwaambia wageni kwamba yeye ni mke mkubwa, na mke mdogo anaitwa Kaunti.

Maana huyo Kaunti alimpenda kweli, jamani. Mwaka 2010 alipanda basi kwenda nyumbani kuipigia katiba mpya, iliyoahidi kila kaunti serikali yake, kura ya ndiyo. Mwaka 2013 Wakenya wa Kampala waliruhusiwa kupiga kura hapa hapa, lakini ya rais peke yake. Odera alikataa. Rais alimwachia anayemtaka. Yeye alitaka gavana wa kaunti yake, alitaka kumchagua mtu ambaye angeweza kumkuta ofisini na kumuuliza swali. Akafunga karakana, akasafiri.

Dawudi, kama Waganda wengi, r na l kwake ni ndugu mmoja. Kila uchaguzi alimuuliza rafiki yake, "Munnange, unaenda tena kupiga kula?" Na kila mara Odera aliweka chini miwani ya kuchomelea na kumsahihisha kama mwalimu: ni kura, si kula, kula ni chakula. Dawudi aliitikia, kesho yake akarudia. Katwe nzima ilikuwa inawangoja wafike hapo ili icheke.

Ugatuzi, yaani huko kuishusha serikali hadi kwenye kaunti, ulifika Nyamwanda mwaka 2015 kwa sura ya zahanati: kuta, mabati, choo. Odera aliposikia haina geti wala vitanda, alivitengeneza yeye na Dawudi, wakavipeleka bure. Geti lilikuwa la bluu, lenye jua linalochomoza, na juu yake herufi za chuma: KARIBUNI. Mheshimiwa mmoja alikuja akakata utepe, akahutubia mpaka maziwa ya chai yakaganda.

Kwetu Wajaluo mwanamume hutambuliwa kwa boma lake, na boma hutambuliwa kwa geti. Odera hakuwa na boma Nyamwanda. Chuma alichokuwa amekiweka kwa ajili ya geti lake ndicho alichokitumia pale. Wazee walimcheka, wakasema huyu hana pa kuzikwa ila ameijengea serikali mlango. Alijibu kwamba lake lingefuata. Halikufuata, kwa sababu daima kulikuwa na kitu cha kurekebisha kwenye zahanati.

Jumamosi jioni alikunywa chai na jirani yetu Helen, mwalimu mstaafu kutoka Wales, ambaye yuko nasi hapa. Nao Wales walipewa bunge lao, wakapewa hospitali zao waziendeshe wenyewe. Basi walibishana kama mashemeji. Odera alimwita mwenye bahati, kwamba serikali yake iko Cardiff, si London. Helen alimwambia mama yake alingoja kupasuliwa nyonga mpaka akafa, na barua za kumwambia aendelee kungoja zilikuja kwa lugha mbili, Kiingereza na ya kwao. Odera alisema hiyo ni shida ya mwanzo. Helen alimkumbusha kwamba mwanzo huo umezidi miaka ishirini. Odera alibadilisha mada, akasifu mandazi.

Sasa ile sehemu waliyotaka ifupishwe.

Kazi ya moshi ilikuwa imekwisha kumharibu mapafu. Jumapili tarehe 27 Aprili 2025, akiwa Nyamwanda na Dawudi kwa mazishi ya mjomba, pumzi ilimkata mchana kweupe. Zahanati ilikuwa jirani tu na kaburi la mjomba. Dawudi alimpakia kwenye pikapu, wakafika. Geti lilikuwa limefungwa kwa mnyororo. Wauguzi walikuwa wamegoma, na hata kabla ya mgomo, majirani walisema, ilikuwa inafunguliwa siku za wageni tu. Utepe uliokatwa ulikuwa bado unaning'inia, umepauka.

Dawudi alishika nyundo avunje kufuli. Odera alimzuia kwa mkono. Sauti ilikuwa ya shida, lakini fundi ni fundi. Alimwonyesha bawaba. Geti lile linang'oleka ukilinyanyua kutoka chini. Ndivyo walivyoliunda, ili kulipaka rangi kuwe rahisi. Dawudi na waombolezaji wakalinyanyua, wakalilaza kwenye nyasi, wakaingia, wakauvunja na mlango. Hakukuwa na oksijeni. Hakukuwa na hata kidonge. Vitanda alivyovichomelea Katwe vilikuwa vimepangwa ukutani, na karatasi za nailoni za safarini hazijatolewa. Wakamlaza kwenye kitanda chake mwenyewe, juu ya nailoni, apumue, kisha wakakimbilia Busia, upande wa Uganda.

Pale mpakani, pumzi iliporudi kidogo, ndipo alipomwambia Dawudi, "Kuanzia leo sikusahihishi tena. Wewe ndiye uliyesema sawasawa. Ni kula." Dawudi anasema angependa asahihishwe mpaka kufa kuliko kusikia vile.

Aliugua miezi sita. Hakuzungumza habari za kaunti tena, na redio ilipoanza alimwomba Adero aizime. Helen alimtembelea wodini. Odera alimuuliza wazi kama watu wake wamefaidika na kujitawala au la, na akamwomba asimfariji. Helen alijibu kwamba mjukuu wake leo anasoma shuleni kwa lugha ambayo babu yake Helen alichapwa kwa kuizungumza, na kwamba mama yake alikufa kwenye foleni, na kwamba hajui kuvipima viwili hivyo kwa mzani mmoja. Odera alifikiri. Akasema, "Basi ninyi mmepata nusu. Shikeni hiyo nusu."

Kwa Adero aliacha wosia. "Mdogo wangu aliuawa na umbali," alisema. "Mimi sikuwa mbali. Nilikuwa getini." Akasema asirudishwe Nyamwanda. Azikwe hapa Matugga, nje kidogo ya Kampala, kwenye kiwanja alichokinunua. Marehemu alifariki Jumatatu tarehe 10 Novemba 2025, alfajiri, mkono wake ukiwa mkononi mwa mkewe.

Wazee wa ukoo walikasirika, na wana haki. Mjaluo hazikwi ugenini hivi hivi, na tena mtu asiye na geti. Ofisi ya kaunti nayo ilipiga simu. Walitaka kumsindikiza mwana wao mashuhuri, na mheshimiwa aliomba dakika chache za kuhutubia. Adero aliwasikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza kama zahanati imefunguliwa. Akajibiwa kwamba mchakato unaendelea. Ndiyo maana leo hamwoni kiti cha mheshimiwa.

Dawudi hakubishana na mtu. Alichukua pikapu akaenda Nyamwanda. Tangu ile Jumapili hakuna aliyelisimamisha geti. Lilikuwa pale pale kwenye nyasi, kuku wamelifanya kitanda. Alilipakia. Mlinzi alimuuliza analipeleka wapi, akamwambia kwa mwenyewe. Busia maafisa walitaka kujua ni bidhaa gani, akawaambia ni msiba. Zahanati sasa haina geti, mbuzi wanaingia na kutoka. Heri wao wameingia.

Geti mliloingilia asubuhi hii ndilo hilo. Dawudi alilisimamisha jana, akalipaka rangi upya, na pale penye komeo akakata chuma, akapaacha tupu. Wazee wa Nyamwanda, mlisema ndugu yetu hana boma. Geukeni mtazame.

Marehemu ameacha mjane, Adero, watoto, Achieng na mumewe Emile, na Okidi, wajukuu wanne, dada yake Ayoo, Helen, aliyebaki na ubishi wao usioisha, na Dawudi, ambaye tangu Jumatatu hajatamka neno lenye r wala l bila kusimama kidogo, angoje asahihishwe.

Pumzika sasa, mwana wa mama. Uko kwako, na geti liko wazi.