Marehemu Kipkosgei na Chemchemi Yetu

Waombolezaji wapendwa, mtuwie radhi, familia ilitafuta msomaji mwenye heshima ikakosa, ikabaki na mimi Kiptanui, mdogo wa marehemu, niliyefukuzwa jukwaani hata siku ya harusi yake, kwa hivyo nikipotea mnirudishe polepole.

Marehemu Kipkosgei arap Sitonik alizaliwa Sigor tarehe 3 Machi 1946, akasoma huko hadi mwaka 1962, na Juni 1968 akaandikwa kazi katika yadi ya mbao kule Londiani, kazi yake kuchovya nguzo kwenye dawa ya mchwa yenye klorini, ambayo harufu yake ilimtangulia kanisani. Tarehe 18 Desemba 1971 alimuoa Winny, wakabarikiwa na Weldon, Joan na Chepkirui, wakahamia hapa kando ya Bomet, wakapanda majani chai.

Yadi ilipofungwa mwaka 1989, alifanya kile ambacho sisi sote tungefanya, akaja nyumbani na pipa la dawa iliyobaki ili nguzo za boma zisiliwe, akaliweka hapo juu ya chemchemi tunayonywa, na Aprili 1994 mvua ikalikuta limeoza kwa kutu, dawa ikazama udongoni. Marehemu alizungushia chemchemi miiba, akapita mlango kwa mlango akisema, “Msinywe, jamani, nimewamaliza.”

Mwaka 1995 Bwana Ondieki, mwalimu wa sayansi, alimweleza kwamba ziko chachu za udongoni zenye vimeng'enya, cha kwanza huipachika sumu oksijeni, cha pili huipasua pete ya kaboni inayoishikilia, kisha klorini huachia ikabaki chumvi tu, lakini sumu yenye klorini nyingi ni ngumu, huenda ikaiua chachu yenyewe. Hapo marehemu akawa anaulisha udongo ule chachu na molasi, akiupindua kwa jembe kila Jumamosi, miaka miwili, hata Winny akamwambia, “Baba Weldon, mimi hujawahi kunikorogea hata uji!”

Juni 1997 alinituma Kericho na chupa ya maji ya chemchemi yakapimwe, majibu yakarudi kwamba ni safi, akalia, akaondoa miiba, akanywa kikombe cha kwanza yeye mwenyewe, nasi tukamfuata. Machi 1998 ini lilianza kumsumbua, na tarehe 9 Agosti akatuacha.

Tunawashukuru madaktari, waliokiri kwamba hawajui ugonjwa ulianzia wapi, wenzake wa kituo cha majani chai, na ninyi majirani, ambao chai yenu ya leo nimeamuru ipikwe kwa maji ya mvua.

Lala sasa, kaka, hofu yako niachie mimi, kwa sababu chupa yako ilinivunjikia pale Kericho nikiwaigizia watu vile unavyotembea, na yale maji yaliyopimwa niliyakinga kwenye mfereji wa hoteli.