Anwani Moja, Mashine Mbili

Wasikilizaji wapendwa, hodi kwenu. Leo tunamkumbuka papa Amuri, fundi wa mashine za ofisi hapa Kisangani. Ametutoka Jumanne. Papa Amuri, mcheshi yule, ametutoka.

Kuna siku moja ambayo hakupenda kuizungumzia. Mjane wake, mama Malika, ametuomba tuisimulie.

Siku hiyo mama yake Amuri, bibi Hadidja, alikuwa taabani kule Yangambi. Boti ya mwisho ilikuwa inaondoka saa nane mchana.

"Patron, mama ananiita. Niache niende."

"Bon, utaenda," mkubwa wake, Faustin, akamjibu. "Lakini tengeneza kwanza imprimante. Rapport inatoka leo."

Imprimante ile, mashine ya kuchapisha, ilikuwa na anwani yake, namba ambazo kompyuta huzifuata ili kuifikia. Amuri mwenyewe alikuwa amezibandika juu yake. Akaizima, akaiwasha. Ukurasa mmoja, kimya. Akabadilisha waya. Ukurasa mmoja, kimya. Saa tano. Saa sita. Mlango ulikuwa wazi, wasikilizaji, na mtu hawezi kutoka! Jasho likamtiririka. Akamchukia Faustin, akaichukia hata kazi aliyoipenda.

Saa nane kasoro robo akapita nyuma ya Faustin, akaona namba za anwani kwenye kioo cha kompyuta yake mpya. Namba zilezile! Mashine mbili zilikuwa zinagombea anwani moja.

"Patron, nani aliweka hii adresse?"

"Ni miye. Niliisoma kwa imprimante. Si tuko parcelle moja? Adresse iko moja!"

Mnajua wenyewe: parcelle moja, yaani kiwanja kimoja, nyumba sita, anwani moja. Amuri akacheka kicheko kibaya. Akabadilisha namba moja tu. Karatasi za ripoti zikatoka.

Akapanda pikipiki mbio mpaka mtoni. Boti ilikuwa imeshaondoka. Bibi Hadidja akazikwa kesho yake, mwanawe hayupo.

"Tangu ile siku," anasema mama Malika, "wakimuita kwa ofisi yoyote, mbele ya kugusa mashini anauliza: 'Nani hapa iko na safari leo? Aende. Karatasi itangoja.' Batu walikuwa wanamucheka."

Walimcheka, ndiyo. Lakini Jumanne, binti yake Nasra alikuwa kazini kwenye uwanja wa ndege wa Bangboka simu ilipolia: baba yake yu mahututi. Mkubwa wake, ambaye naye aliwahi kuulizwa swali lile, akamwambia: "Enda, Nasra. Karatasi itangoja." Nasra akamkuta baba yake bado anapumua, akamshika mkono.

Pole sana, mama Malika. Pole, Nasra. Mungu amrehemu papa Amuri. Na wewe unayetusikiliza ukiwa ofisini, hebu inua macho uwatazame wenzako. Nani hapo ana safari leo?