Maombi ya Mama Kiarie

Basi lilikuwa na nafasi tele, lakini wamama wawili waliketi pamoja mbele yangu.

"Bunge likatae kutuma wanajeshi ng'ambo kulinda amani," akasema Mama Gerishon.

"Mbona ulianza kusema hivyo walipomchagua Kiarie wangu aende wakamwacha Gerishon wako?"

"Wewe unajidai tu! Kila Jumapili pasta anakuita mbele uombewe. Mimi niko nyuma nasema amina."

"Basi nipe kijana wako anayekuja kula kwako kila Jumapili, uchukue hayo maombi."

Nikajifanya natafuta miwani, nayo ilikuwa usoni. Mama Gerishon alinuna hadi Riruta. Basi liliposimama, akambebea mwenzake kikapu, akauliza bila kumtazama, "Kiarie amepiga simu?"